Mashoto, kinanda na Bwana Godowsky

Mimi ni mashoto. Kwetu Muheza jambo hilo lilishughulikiwa mapema, kabla hata sijajua kuandika. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mwiko wa kusongea ugali, na mwiko huo ulitua juu ya vidole vyangu vya kushoto kila tonge lilipokaribia mdomo kwa upande usiostahili. Hakupiga kwa hasira. Alikuwa na hoja. "Mume wangu," ndivyo anavyoniita mpaka leo, "huu ni mkono wa kulia. Wa kulia! Jina lenyewe si linakwambia? Na huo mwingine una kazi zake, ila hazifanyiki mbele ya watu."

Utabishana vipi na mtu ambaye lugha nzima iko upande wake? Wazee wa pwani wana jozi nyingine, mkono wa kuume na mkono wa kuke, nayo haikuusaidia kitu huo wa kushoto. Basi nikajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kusalimia kwa kulia, hata kupokea chenji dukani kwa kulia. Wa kushoto ukabaki wa kurushia mawe kwenye miembe.

Kinanda nilikianza nikiwa darasa la saba, kanisani, na nilijifunza kwa kuibia. Unakaa nyuma ya mpigaji, unakodolea macho vidole vyake, watu wakitoka kwenda kunywa chai unawasha kinanda, unapunguza sauti, unajaribu. Mwalimu wa kwaya aliponikamata hakunifukuza. Alinipa kanuni moja tu: wa kulia uimbe, wa kushoto ushike besi, usijifanye mjuaji. Kwa hiyo hata kwenye kinanda mkono wangu mwerevu ukapewa kazi ya ulinzi wa getini, na ule mzito, ambao hadi leo hauwezi kutia uzi kwenye sindano, ndio ukapewa wimbo. Nimepiga hivyo miaka zaidi ya ishirini, harusi na misiba. Mtu akiniuliza nimefundishwa na nani, huwa nabadilisha mada.

Godowsky alinikuta usiku, kwenye simu, nikiwa na spika za masikioni zilizobaki sikio moja zima. Nilikuwa nasikiliza zile etudi za mtunzi Chopin, vipande alivyovitunga kama mazoezi na vikageuka kuwa muziki mtupu. Ilifika ile ya sita katika Opus 10, kitabu chake cha kwanza cha etudi, ya huzuni, inayokwenda polepole kama msafara wa mazishi usio na haraka ya kufika makaburini. Ila haikuwa ileile. Kulikuwa na wimbo juu, besi chini, na katikati kitu kinachojipindapinda bila kukoma. Nikasema huyu ameipanga upya, mikono miwili imeshughulishwa kweli. Ndipo nikasoma maelezo: imepangwa na Godowsky, kwa mkono wa kushoto peke yake. Nikarudisha mwanzo. Nikarudisha tena. Saa nane usiku nilikuwa nimekaa kitandani, nimeuinua mkono wangu wa kushoto kwenye mwanga wa simu, nautazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemdhulumu mirathi.

Tangu usiku ule nimemfuatilia huyu bwana kama jamaa yangu aliyepotelea ughaibuni.

Leopold Godowsky alizaliwa tarehe 13 Februari 1870 huko Žasliai, mji mdogo wa Lithuania, si mbali na Vilnius, wakati nchi hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Baba alikuwa daktari. Kipindupindu kilipoingia kikamchukua daktari mwenyewe, na mtoto hajatimiza hata miaka miwili. Akalelewa Vilnius kwa Louis Passinock na mkewe, watu waliokuwa na duka la piano.

Hapo kwenye duka la piano ndipo ninaposimama kila mara. Mtoto aliyekulia jikoni kwa mama ntilie hahitaji kufundishwa kwamba chumvi imezidi. Pua yake inajua. Huyu naye alikulia katikati ya piano mbovu na nzima, za bei na za mkopo, kila moja na tabia yake. Mlezi wake mwenyewe alikuwa mtu wa fidla na alitaka mtoto awe mpiga fidla. Fidla akaijua, piano akaijua, akiwa na miaka mitano au sita anatunga vya kwake. Akiwa na miaka tisa alipiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kisha akazungushwa miji ya Lithuania na Prussia Mashariki kama kioja cha kutazamwa.

Sasa hesabu walimu wake. Alipelekwa chuo cha muziki cha Berlin, akawekwa chini ya Ernst Rudorff. Akakaa kama miezi mitatu, akaondoka. Mwaka 1884, akiwa na miaka kumi na minne, alikuwa tayari Marekani anapiga Boston. Mwaka 1886 akapata mfadhili na kuvuka bahari kurudi Ulaya akiwa na nia moja: aende Weimar akawe mwanafunzi wa Liszt, mpiga piano aliyekuwa mfalme wa wote. Liszt alifariki tarehe 31 Julai mwaka huohuo, kijana hajamfikia.

Akaenda Paris, kwa mtunzi Camille Saint-Saëns. Saint-Saëns alimpenda, na Jumapili kijana alikuwa akienda kumpigia alivyotunga. Mzee anasikiliza, halafu anamwambia ni vizuri sana, mpenzi wangu, vizuri mno. Basi. Wiki inayofuata, vizuri sana. Godowsky alikuja kusimulia baadaye kwamba huo ndio ulikuwa ufundishaji wenyewe. Mzee alifika hata kutaka kumfanya mwanawe wa kupanga, kwa sharti kwamba kijana achukue jina lake. Kijana akakataa, na mzee hakupendezwa. Mimi nampenda Godowsky kwa mengi, lakini hapo ndipo nilipomheshimu. Mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kumjua, akapewa nafasi ya kuitwa mwana wa mtu maarufu wa Paris, akasema hapana, nitabaki na la daktari wa Žasliai.

Uzeeni aliandika kwamba angefurahi kusema kweli kuwa ni mwanafunzi wa Liszt au wa mkubwa mwingine yeyote, ila hakuwa. Masomo aliyopata maishani hayafiki hata matatu. Niliposoma hayo nilitaka kuyachapisha na kuyabandika mlangoni. Kisha nikatulia. Sisi tuliojifunza kwa kuibia tuna ugonjwa wa kusahau tulikoiba. Mimi nasema sina mwalimu, na ilhali kuna mgongo wa shati la mpigaji mmoja ambao nikiuona leo nitautambua kwenye umati. Godowsky naye alikuwa na lile duka, alikuwa na Passinock na fidla yake, na kila ukumbi aliokaa akimsikiliza mwingine. Hakuwa na mtu wa kumwambia weka kidole hapa, ndiyo. Lakini hakuna aliyejifunza kupika kwenye nyumba isiyo na jiko.

Alichokosa kufundishwa alikipata kwa kufundisha. Mwaka 1890 alirudi Marekani, mwaka uliofuata akaoa Frieda Saxe, binti wa yule mfadhili, na kuchukua uraia. Akafundisha New York, Philadelphia, kisha kuanzia 1895 akawa mkuu wa idara ya piano katika Chicago Conservatory. Mtu aliyefundishwa hupokea kanuni na kuzipitisha kwa wengine. Asiyefundishwa, mwanafunzi akimwuliza kwa nini kifundo kinauma, inambidi akae chini afikiri. Godowsky alifikiri, akaja na jambo ambalo walimu wa leo wanalisema kana kwamba lilikuwapo tangu enzi: usigonge, achia. Sauti itoke kwenye uzito wa mkono mzima uliolegea, na musuli usitumike pasipo haja, na vidole visisafiri safari zisizo na sababu.

Ukitaka kulielewa hilo, mwinue mtoto aliyelala fofofo kwenye kochi. Shika mkono wake, uachie. Ule mwanguko, ule uzito usio na nia yoyote, ndio wanaoutafuta. Nilijaribu kwenye kinanda changu cha umeme na sikusikia tofauti. Siku moja nikabahatika kukaa kwenye piano halisi, ya nyundo na nyuzi, kwenye ukumbi wa hoteli ambao mhudumu alikuwa na roho nzuri. Nikaachia mkono wa kushoto uanguke kwenye kodi moja ya chini (kodi za muziki, yaani nota kadhaa kwa mpigo, si zile za mwenye nyumba). Sauti iliyotoka ilikuwa pana na haikuwa na kelele. Mhudumu aligeuka. Nikaondoa mkono kama nimeshika pasi ya moto.

Sasa Berlin. Tarehe 6 Desemba 1900. Godowsky ana miaka thelathini, Marekani anajulikana zaidi kwa ualimu, na Ulaya hajulikani. Berlin ya wakati ule ilikuwa na wapiga piano kama Kariakoo ilivyo na wauza simu: kila mmoja anasema yake ndiyo orijino. Anarudi kwenye mji ambao alitoroka chuo chake utotoni, anakodi ukumbi wa Beethoven-Saal na okestra, na anapanga programu ya mtu aliyekwisha amua kwamba leo ni leo. Koncheto ya kwanza ya Brahms, muziki wa piano na okestra, ambayo peke yake humchosha mtu jioni nzima. Koncheto ya kwanza ya Tchaikovsky, ile ya milango kufunguliwa kwa kishindo. Na kati ya hizo mbili, pale ambapo binadamu mwingine angekunywa maji, akakaa peke yake akapiga vitu vyake mwenyewe, vikiwamo vile alivyovipika kutoka kwa Chopin.

Ukumbi ulilipuka. Wapiga piano wa mji walikuwamo humo humo, na walikuwa wanakijua wanachokisikiliza, ndiyo maana walipiga kelele kuliko wengine wote. Asubuhi yake mwalimu wa Chicago alikuwa habari ya mjini. Akahamia Berlin, na mwaka 1909 Vienna ikamwita kuongoza darasa la mabingwa katika chuo cha kifalme, kwa mshahara uliowafanya wenzake wanong'one.

Hivyo vya Chopin ndivyo kiini cha kila kitu. Chopin aliacha etudi 27. Godowsky, kati ya mwaka 1894 na 1914, alitunga masomo 53 juu yake, yaani etudi zilezile zilizopangwa upya, na kati ya hayo 22 ni ya mkono wa kushoto pekee. Etudi moja, ile ya vibao vyeusi, aliigeuza namna saba. Katika nyingine alichukua etudi mbili na kuzipiga kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine. Hiyo sipendi. Ni kama mtu anayeendesha baiskeli mbili kwa mpigo: unashangaa, unashangilia, kisha unajiuliza alikuwa anakwenda wapi. Wapo waliosema enzi zile, na wapo wanaosema sasa, kwamba kumgusa Chopin hivyo ni kufuru. Lakini ya mkono wa kushoto ni habari nyingine kabisa, na inabidi niieleze polepole.

Weka mkono wa kulia juu ya kinanda. Wimbo mara nyingi unakaa juu, yaani upande wa kulia kabisa, na hapo kidole kilichopo ni kile kidogo, mnyonge wa familia, na jirani yake asiye na mbele wala nyuma. Mwenye nguvu, kidole gumba, yuko ndani anajaza kodi. Sasa weka wa kushoto. Gumba ndilo lililo juu! Kidole chenye nguvu kuliko vyote kimekaa palepale wimbo ulipo. Godowsky aliliona hilo, akaandika kwenye utangulizi wa masomo yake kwamba maumbile yameupendelea mkono wa kushoto. Akaongeza kwamba kwa kuwa mkono huo haufanyishwi kazi nyingi za kila siku, ni mwepesi kufundishika kuliko wa kulia.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Kile ambacho Bibi aliona ni aibu ya mkono wa kushoto, kwamba haushiki kitu cha maana, huyu bwana anakiita fursa. Udongo ambao bado haujafinyangwa. Watangazaji walimpa jina la Mtume wa Mkono wa Kushoto, na ingawa huwa siamini sana mabango, hilo nimelikubali.

Halafu kuna pedali. Kidole kidogo kinaruka chini kabisa, kinaligusa besi mara moja, mguu unaishika ile sauti isife, na mkono unakuwa umekwisha ruka juu kuimba. Msikilizaji anadhani besi bado inapigwa. Ni uongo mtakatifu. Etudi ya sita inaenda hivyo kurasa zote, na kwa kuwa ni ya polepole huna pa kujificha.

Darasani Vienna, na kabla yake Berlin, alipitia kijana mmoja kutoka upande wa Ukraine, Heinrich Neuhaus. Baada ya vita na mapinduzi Neuhaus akawa mwalimu Moscow, na mikononi mwake wakapita Emil Gilels na Sviatoslav Richter. Yaani mtu asiyefikisha masomo matatu ana wajukuu wa kimuziki ambao karne nzima imewasikiliza.

Vita ya 1914 ilimrudisha Marekani. Hadithi moja inayojulikana kuliko muziki wake ni ya tarehe 27 Oktoba 1917, Carnegie Hall, siku kijana wa miaka 16 mzaliwa wa Vilnius, Jascha Heifetz, alipotokea Marekani kwa mara ya kwanza na fidla yake. Mischa Elman, naye mpiga fidla mkubwa, akajifuta jasho akalalamika kwamba humu ndani kuna joto. Godowsky akamjibu: kwa wapiga piano, hakuna. Nafikiria pia kwamba wawili wa Vilnius walikuwa ukumbini, mmoja jukwaani, mmoja kitini akitania.

Alikuwa mtu mfupi, mikono midogo. Alisafiri sana, alifika Java, na mwaka 1925 akatoa vipande kumi na viwili vya piano kuhusu kisiwa hicho, cha kwanza kikiigiza gamelani, zile ngoma na kengele za shaba zao. Mwanawe, aliyerithi jina lake, alishiriki kubuni filamu ya rangi ya Kodachrome na akaoa dada yake George Gershwin. Nyumba hiyo haikuwa ya watu wa kawaida.

Lakini studio ilimshinda, na hili linanihuzunisha kuliko mengine. Kurekodi siku zile ni upande mmoja wa sahani ya santuri, dakika nne hivi, bila kukata wala kuunga. Ukikosea nota moja dakika ya tatu na nusu, unaanza upya. Alisema hofu ya kukosea kitu kidogo ilizidi kadiri alivyokaribia mwisho, na kadiri alivyopiga vizuri ndivyo hofu ilivyoongezeka. Mimi namwelewa. Nimewahi kupiga misa ikiwa inarushwa redioni, na wimbo ninaoupiga usingizini ukanigeuka kwenye ubeti wa mwisho kwa sababu nilianza kuhesabu beti zilizobaki. Josef Hofmann, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa piano wa wakati ule, alitoka nyumbani kwa Godowsky usiku mmoja na kumwambia kijana aliyekuwa naye asiisahau kamwe sauti ile, na kwamba ni msiba kuwa umma haujawahi kumsikia kama anavyoweza kupiga kweli. Alipiga kweli sebuleni kwake, kwa marafiki. Tulichobakiwa nacho kwenye sahani ni mtu msafi, makini, anayeogopa.

Tarehe 17 Juni 1930, London, studioni, akirekodi kipande cha Chopin kiitwacho Scherzo ya nne, alipata kiharusi. Kilimwacha amepooza kwa sehemu na hakurudi tena jukwaani. Akiba yake ilikuwa imekwisha liwa na anguko la soko la hisa la 1929. Mwaka 1932 mwanawe Gordon alijiua, mwaka uliofuata Frieda akafariki. Yeye alimfuata tarehe 21 Novemba 1938, New York. Miaka mitatu baadaye, 1941, Wayahudi wa Lithuania waliuawa karibu wote, miji midogo kama Žasliai ikabaki bila watu wake. Siku hizi Walithuania humwandika Leopoldas Godovskis, na wana haki. Marekani nao wana haki yao. Ila wale ambao wangempokea kama mtoto wa daktari wetu hawakubaki.

Nimepakua nota za ile etudi ya sita. Nimekuwa nazo mwaka na miezi minne, na napiga mstari wa kwanza na nusu. Ninakalia mkono wa kulia ili usije kusaidia, maana umezoea kudandia kila kitu. Wa kushoto unauma kwenye msuli wa gumba, halafu dakika kama ya kumi unaacha kuuma na kunakuwa na kitu humo ndani kinachojua njia kuliko mimi. Fundi wa viti wa jirani anasema ninapiga vizuri siku hizi, ila anauliza kwa nini wimbo hauendelei.

Juzi nilimpigia Bibi simu Muheza. Ana miaka themanini na mingi, masikio bado mazima. Nikamweka kwenye spika, nikampigia mstari wangu na nusu, kisha nikamweleza: mkono wa kushoto tu, Bibi, na aliyeupanga ni mtu wa mbali, yatima, hakusomeshwa, akafundisha wakubwa. Akanyamaza kidogo. Nikajua anapima.

"Mume wangu," akasema, "huyo bwana, wakati wa kula alitumia mkono gani?"